Mzigo wa Mwenzio: Somo juu ya Neno "Wepesi"

Masomo ya kusoma kwanza: Kutoka 18:13–26, 1 Wafalme 12:1–19, Mathayo 11:28–30 na 23:1–4, 2 Wakorintho 4:16–18, Wagalatia 6:1–5.



Safari hii tujifunze neno moja dogo ambalo kila mmoja wetu hulitumia kila siku, nyumbani, shambani na hata kanisani. Neno hilo ni wepesi. Tulipokuwa tukifundisha tulipenda kuwauliza wanafunzi swali la zamani: kati ya kilo moja ya pamba na kilo moja ya chuma, ipi ni nzito zaidi? Wengi walijibu haraka kwamba ni chuma. Ndipo darasa likacheka, maana kilo ni kilo. Lakini swali hilo lina fundisho kubwa kuliko hesabu: jicho peke yake si mizani. Hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo, maana wako ndugu zetu wanaoumia kwa sababu sisi tumeupima mzigo wao kwa macho.

1. Neno lenyewe

Shina la neno letu ni -epesi. Tunasema mtu mwepesi, mizigo myepesi, jembe jepesi, maneno mepesi, kikapu chepesi, vyombo vyepesi, nguo nyepesi. Shina ni moja, sura ni nyingi, na maana nazo ni nyingi vilevile.

Maana ya kwanza ni kuwa na uzito mdogo, kama debe la pumba likilinganishwa na debe la mtama. Ya pili ni kuwa na haraka: kijana mwepesi wa miguu ni yule anayetumwa akarudi upesi, nanyi mnasikia jinsi maneno wepesi na upesi yanavyofanana. Ya tatu ni urahisi: swali jepesi, kazi nyepesi. Ya nne ni kutokuwa na vitu vingi ndani: uji mwepesi, chai nyepesi. Wakulima wa huku kwetu Singida wanajua pia udongo mwepesi, ule wa kichanga, ambao jembe huingia bila taabu na karanga huupenda, ila hukauka mapema mvua zikikatika. Mama mwenye mtoto mchanga ana usingizi mwepesi. Na mgonjwa aliyetokwa na homa husema, "Leo mwili wangu ni mwepesi," maana yake amepata nafuu.

Tena neno hilo hueleza tabia. Yuko mwepesi wa kutoa, mwepesi wa kusamehe, mwepesi wa kusikia. Yuko pia mwepesi wa kukasirika, mwepesi wa kusahau ahadi, mwepesi wa kusema. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba fulani ni mwepesi, hatujui bado kama amesifiwa au amelaumiwa. Hatuna budi kuuliza: ni mwepesi wa nini?

Kinyume chake, uzito, nacho ni hivyo hivyo. Maneno mazito ni maneno ya maana, na mtu mzito ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini Musa alipoitwa na Mungu alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito, naye hakuwa akijisifu. Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno la utukufu na heshima limetoka katika shina lenye maana ya uzito, na neno la kudharau na kulaani limetoka katika shina lenye maana ya wepesi. Mungu alipoihukumu nyumba ya kuhani Eli (1 Samweli 2:30) alitumia maneno ya mashina hayo mawili: wanaomheshimu atawaheshimu, na wanaomdharau watakuwa wepesi, yaani watu wasiohesabiwa. Kumdharau mtu, basi, ni kumfanya mwepesi. Tulishike neno hilo, maana tutalirudia.

2. Wepesi wa mapepe

Baada ya mavuno tunaupura mtama na uwele, kisha tunangoja upepo. Mkoa wetu hauna shida ya upepo. Mama husimama na ungo, hupeta, na kile kilicho kizito huanguka miguuni pake, na kile kilicho chepesi huchukuliwa. Zaburi ya kwanza inatumia mfano huu huu kwa mtu asiyemcha Mungu: yeye ni kama makapi mbele ya upepo.

Punje isiyo na kiini ndani huitwa pepe, na wingi wake ni mapepe. Kwa nje pepe linafanana na punje nzuri. Huwezi kulijua kwa kulitazama tu mpaka upepo uje. Ndiyo maana mtu asiyetulia, asiyeweza kutegemewa, huitwa mapepe. Leo anaahidi kuchangia matofali ya kanisa, kesho haonekani. Leo ameokoka, kesho ameyumba. Wakorintho walimshuku Paulo kuwa ni mtu wa namna hiyo kwa sababu alibadili safari yake, naye akajitetea (2 Wakorintho 1:17). Neno la Kigiriki alilolitumia pale, ambalo Biblia zetu hulieleza kuwa ni kigeugeu, ni neno la jamaa moja na lile la wepesi.

Basi huu ni wepesi wa kwanza tunaopaswa kuuogopa, yaani wepesi wa kuwa mtupu ndani. Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

3. Wepesi wa ulimi

Yakobo anatufundisha katika sura yake ya kwanza, mstari wa 19, kwamba tuwe na haraka ya kusikia lakini tuchelewe kusema na kukasirika. Mtu mmoja, basi, anatakiwa awe mwepesi kwa masikio na mzito kwa ulimi. Kwa kawaida sisi tumegeuza utaratibu huo.

Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la adabu tu. Katika nchi yetu, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyo jirani na sisi, kwa miongo mingi wamekuwako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu tu ya macho mekundu. Lakini bibi aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakosaje kuwa na macho mekundu? Ule ni moshi, si uchawi. Na mauaji hayo hayakuanza na panga. Yalianza na neno jepesi lililosemwa kisimani au kilabuni: "Mwaona jinsi anavyotutazama?" Aliyelisema alikwenda zake akasahau, bali neno lilibaki kijijini likifanya kazi yake.

Mkristo anayesikia neno kama hilo ana wajibu. Asilibebe kulipeleka mbele. Aulize: nani ameona? Nani amepima? Kisha aende akamtembelee yule bibi mchana, watu wote wakimwona, akae naye na kunywa naye maji.

4. Kanda la usufi

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Iko methali ya Kiswahili isemayo: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanda ni mfuko uliosukwa kwa ukindu au miyaa. Usufi ni zile nyuzi laini za mti wa msufi, ambazo watu walijazia mito na magodoro. Kanda lililojaa usufi linaonekana kubwa, lakini mtoto anaweza kulibeba. Methali yatuambia kwamba hivyo ndivyo kila mtu anavyouona mzigo wa mwenzake. Wangu ni mawe, na wake ni usufi.

Hebu tupime. Lita moja ya maji ina kilo moja. Ndoo yetu ya kawaida ni ya lita 20, kwa hiyo ina kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Katika kila mtaa wa parokia yuko mama, au binti, anayemwuguza mzee asiyeinuka kitandani. Mgonjwa wa namna hiyo ni lazima aogeshwe, na nguo na matandiko yake yafuliwe kila siku. Tuseme nyumba hiyo inahitaji ndoo tano kwa siku. Hizo ni kilo 100, yaani gunia zima la mahindi, likibebwa kichwani kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hapo hatujahesabu kumgeuza mgonjwa usiku, kumlisha kijiko kwa kijiko, wala usingizi uliokatika. Nasi, tukimkosa kanisani Jumapili tatu, tuko wepesi wa kusema kwamba fulani imani yake imepoa.

Kadhalika msibani. Mjane amezika wiki iliyopita, nasi tunamwambia, "Jikaze, mama, haya ni mambo ya kawaida." Ni kweli kwamba kifo ni cha watu wote. Lakini mume huyo alikuwa wake peke yake.

Hapo wengine hutaja maneno ya Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 4:17, kwamba dhiki ya sasa ni nyepesi. Tuyasome vizuri. Paulo anasema habari za dhiki yake mwenyewe na wenzake. Mtu huyo alichapwa na Wayahudi mara tano, kila mara viboko thelathini na tisa. Alipigwa kwa fimbo mara tatu. Alivunjikiwa na jahazi mara tatu (2 Wakorintho 11:24–25). Ameweka hayo yote katika upande mmoja wa mizani, na katika upande wa pili ameweka utukufu wa milele, akaona kwamba utukufu unazidi uzito. Yeye alikuwa na haki ya kuuita mzigo huo mwepesi, kwa sababu ulikuwa mgongoni pake. Lakini alipowatazama wenzake hakusema hivyo. Katika sura ile ile ya 11, mstari wa 29, anasema kwamba akiwapo mtu dhaifu, yeye naye anashiriki udhaifu huo.

Ndugu, hili ndilo tungependa mlikumbuke hata kama mengine yote mtayasahau: neno "mwepesi" ni la aliyebeba mzigo, si la anayetazama. Mgonjwa akisema ugonjwa wake ni mwepesi kwa sababu ya neema ya Mungu, huo ni ushuhuda. Mzima akimwambia mgonjwa hivyo, hiyo ni dharau. Na tumekwisha kuona kwamba kudharau ni kumfanya mtu mwepesi.

5. Kujipunguzia kwa kumwongezea mwingine

Uko wepesi mwingine mbaya: kuupata kwa mgongo wa mtu. Yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, Rehoboamu mwana wa Sulemani alikwenda Shekemu kutawazwa. Watu wakamwomba jambo moja tu, kwamba aifanye nyepesi ile nira ambayo baba yake aliwatwika. Wazee walimshauri akubali. Vijana waliokua pamoja naye walimshauri akatae, naye akawasikiliza vijana, akaahidi kuongeza uzito. Siku hiyo makabila kumi yaliondoka, na taifa likagawanyika.

Bwana wetu aliwalaumu waandishi na Mafarisayo kwa kosa kama hilo (Mathayo 23:4). Walifunga mizigo mizito, wakaiweka mabegani mwa watu, na wao wenyewe hawakutaka kuigusa hata kwa kidole.

Sisi wa Singida tunaolima vitunguu na alizeti tunaijua lumbesa. Mnunuzi hutaka gunia lijazwe, kisha lishonewe nyongeza juu kama kilemba, naye alipe bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza ufungashaji huo, na Wakala wa Vipimo huelekeza kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima hupunjwa, na mpakiaji huvunjika mgongo, ili mfuko wa mtu mmoja upate nafuu. Lakini lumbesa haiko sokoni tu. Iko nyumbani, pale mtoto wa ndugu anapoletwa ili asome, kisha kazi zote za nyumba zikawa zake. Iko kanisani, pale mwinjilisti mmoja anapoachiwa mitaa mitatu, maziko, mafundisho ya kipaimara na hesabu za sadaka, nasi tukimsifu kwamba ana moyo.

6. Njia tatu za wepesi wa kweli

Kwanza, kutupa. Mabaharia waliomchukua Yona walitupa shehena baharini ili jahazi liwe jepesi (Yona 1:5), na jahazi alilopanda Paulo lilifanyiwa hivyo hivyo (Matendo 27:38). Iko mizigo ambayo Mungu hakutupa kuibeba: kinyongo cha miaka ishirini juu ya mpaka wa shamba, mashindano ya harusi yanayoacha madeni, dhambi iliyofichwa. Hiyo tusiombe msaada wa kuibeba. Tuitupe. Tukiri, tusamehe, tupatane.

Pili, kugawana. Musa alikaa kuhukumu watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro, ambaye hata hakuwa Mwisraeli, aliona kwamba Musa atachoka kabisa, na watu nao watachoka pamoja naye. Akamshauri achague watu waaminifu wasimamie maelfu, mamia, hamsini na makumi, ili mzigo wake uwe mwepesi. Musa hakuona haya; alikubali.

Paulo naye asema katika Wagalatia 6:2 kwamba tuchukuliane mizigo, na katika mstari wa 5 kwamba kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Wengine huuliza, je, anajipinga? La. Katika Kigiriki ametumia maneno mawili. Katika mstari wa 2 ni baros, uzito unaomwelemea mtu. Katika mstari wa 5 ni phortion, shehena ambayo mtu amepangiwa kuichukua. Kila mtu alime shamba lake na kulea watoto wake. Hiyo ni shehena yake. Lakini nyumba ikiungua, au ugonjwa ukiingia, huo ni uzito wa kuelemea, nao ni wa kanisa zima.

Tatu, kufungwa nira pamoja na Bwana. Katika Mathayo 11:28–30 Yesu anawaita waliochoka, na anawaambia nini? Hasemi kwamba watakaa bure. Anawapa nira, nira isiyochubua shingo, na phortion iliyo nyepesi. Wenye maksai wanaelewa. Nira ni mti wa kuwaunganisha wawili, si mmoja. Mkulima anayemfundisha ndama kulima humfunga pamoja na maksai mzoefu, ili ajifunze kwa kutembea naye. Tena anajua siri nyingine. Mnyororo wa plau ukifungwa katikati ya nira, maksai wote wawili huvuta sawasawa. Mnyororo ukisogezwa kidogo kuelekea upande wa mwenye nguvu, yeye huvuta zaidi, na yule dhaifu hupata nafuu. Plau ni ile ile, na ardhi ni ile ile. Uzito haukupotea, umehamia bega jingine.

Huo ndio wepesi wa Injili. Mzigo wa Kristo si mwepesi kwa sababu ni usufi. Ni mwepesi kwa sababu Yeye aliye mzoefu na mwenye nguvu ametembea upande wetu, na mnyororo umesogezwa kwake. Msalaba haukuwa mwepesi hata kidogo. Basi kila tunapoingia chini ya mzigo wa mwenzetu, hata kwa ndoo moja tu ya maji, tunafanya kwa udogo wetu kile alichotufanyia Bwana kwa ukuu wake.

Tunashauri kwamba kila kikundi cha maombi kiandike majina ya nyumba zenye wauguzaji na wafiwa katika mtaa wake. Kisha wapangane: leo fulani ateke maji, kesho fulani akae na mgonjwa ili mwuguzaji alale saa mbili, na Jumapili ijayo mwingine abaki pale ili yeye aje ashiriki Meza ya Bwana. Kazi hiyo haihitaji mfuko wa fedha wala kamati kubwa. Inahitaji watu wepesi: wepesi wa kusikia, wepesi wa kuinuka, na wasio wepesi wa kusema.

Mungu atufanye wazito kwa imani na wepesi kwa upendo. Amina.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Tajeni matumizi matano ya neno "mwepesi" katika mazungumzo yenu ya kila siku. Ni yapi ya sifa, na ni yapi ya lawama?

2. Ni mizigo gani katika nyumba zetu inayofaa kutupwa, na ni ipi inayofaa kubebwa?

3. Kwa nini Rehoboamu aliwasikiliza vijana badala ya wazee? Je, ni lumbesa ipi iliyomo katika kanisa letu?

4. Nani katika mtaa wetu hajaonekana kanisani kwa muda mrefu? Je, tumekwenda kuupima mzigo wake, au tumeutazama kwa mbali tu?

5. Nani atakwenda kwake wiki hii, na siku gani?